Mwenye Pampu ya Moyo, Akae au Atembee?

Mwezi uliopita ilitufikia barua kutoka kwa kijana mmoja tuliyemsomesha Juzuu Amma hapa chuoni kwetu alipokuwa mdogo. Sasa ni mtu mzima, naye akaa Uingereza pamoja na wazazi wake. Ametuomba tumjibu, na kwa kuwa jambo lenyewe laweza kumfika yeyote mwenye mzazi mgonjwa, tumeona bora jawabu lake liwe humu, wasomaji wetu nao wafaidike. Jina lake tumelisitiri.

Aeleza kuwa baba yake alishikwa na maradhi ya moyo kwa miaka kadha. Mwisho akawa hawezi kulala ila kwa kuegemea mito mitatu, miguu imemvimba, na ngazi tano zamshinda. Dawa zilipokuwa hazifai kitu tena, madaktari walimpasua kifua wakamtilia pampu ndogo ya kuusaidia moyo. Mambo yakageuka. Pumzi zikarudi, uvimbe ukashuka, na usingizi ukaja. Nyumbani ikawa ni furaha na shukurani.

Lakini baada ya furaha ikaja hofu. Siku moja alikuja mgeni kumtazama mzee. Aliposhika mkono wake akatafuta mapigo ya mshipa, asiyaone. Akatafuta mkono wa pili, asiyaone. Akatoka nje akinong'ona kuwa mtu huyu ati ni maiti anayesema. Neno hilo likamfikia mama. Tangu siku hiyo akapiga marufuku mzee asiinuke kitini. Chakula apelekewa pale pale, viatu avishwa, na msikitini, ambako ni mwendo wa dakika kumi tu, haendi tena. Hospitali ilimpa mzee karatasi ya mazoezi ya kila siku. Karatasi hiyo imo ndani ya mtoto wa meza, haijaguswa. Na mzee amewaambia wanawe neno moja lililomchoma kijana wetu: "Mlinitoa kaburini, mkanizika kitini."

Kijana atuuliza: "Maalim wangu, nimtii mama au nimsikie baba? Na je, moyo uliotiwa pampu waweza kustahimili mwendo?"

Sisi si matabibu. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Lakini tuliona haifai kumjibu mtu kwa dhana katika jambo la roho ya mzazi wake. Tukawauliza wajuao, tukasoma yaliyoandikwa, na haya ndiyo tuliyoyapata.

KAZI YA MOYO WENYEWE

Moyo ni nyama iliyo tupu ndani, yenye vyumba vinne: viwili kulia na viwili kushoto. Upande wa kulia hupokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma mapafuni ipate hewa safi. Upande wa kushoto huipokea damu ile kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini kote, tangu utosini hata nyayoni. Kwa hiyo mtu ana mioyo miwili iliyoshikana, na damu yote ipitayo huu wa kulia ndiyo hiyo hiyo impasayo mwenzake wa kushoto kuipokea.

Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo hutoa takriban mililita 70 za damu. Hizo ni kama lita 5 kwa dakika, na kwa siku moja ni mapigo yapata laki moja. Ainukapo akakimbia, misuli ya miguu huanza kudai hewa nyingi, na moyo huitikia. Kwa kijana mwenye siha, mapigo huweza kupanda hata 180, na kila pigo likatoa mililita 100. Piga hesabu, utapata lita 18 kwa dakika, zaidi ya mara tatu ya alipokuwa ameketi.

Moyo hujuaje kuwa sasa mwenyewe anakimbia? Kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni mishipa ya fahamu pamoja na majimaji yatiwayo ndani ya damu, ambayo huuamrisha moyo upige mbio na kwa nguvu. Ya pili ni damu yenyewe. Misuli ya miguu ikikazana huikamua mishipa, na damu hurudi moyoni kwa wingi. Moyo ukijaa hutanuka, na ukitanuka husukuma kwa nguvu zaidi. Jambo hili lilielezwa na Mwingereza Ernest Starling katika hotuba aliyoitoa Cambridge mwaka 1915, na hata leo madaktari hulihesabu kuwa ni sheria katika sheria za moyo.

Sasa, moyo uliodhoofika huzikosa njia zote mbili. Umekwisha kutanuka hata nguvu zake zimelegea, mfano wa mpira uliovutwa mno. Aamshwapo na amri, hauna cha kuitikia. Damu hurudi nyuma ikasimama mapafuni, na ndiyo maana mgonjwa huhema akipanda ngazi chache tu, na usiku hukosa pumzi alalapo kitandani.

PAMPU NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kuwa moyo wa mgonjwa hutolewa ukatupwa, kikawekwa chombo mahali pake. Sivyo. Katika matibabu haya moyo hubaki pale pale. Madaktari hutoboa ncha ya chumba cha kushoto, wakaunganisha pampu, na kutoka kwenye pampu hupitisha mpira mpaka kwenye mshipa mkuu wa damu. Pampu huvuta damu kutoka chumba kile dhaifu na kuitia katika mshipa mkuu. Waya mmoja hupita chini ya ngozi na kutokea tumboni, ukaungana na kisanduku cha kuongoza chombo na betri mbili ambazo mgonjwa huzivaa kiunoni au mabegani. Usiku huunganishwa na umeme wa nyumba.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1966, mjini Houston huko Marekani, daktari Michael DeBakey alimsaidia mgonjwa kwa pampu ya namna hii kwa siku kumi, mpaka moyo wake mwenyewe ukapata nguvu. Mwaka 1994 serikali ya Marekani iliidhinisha pampu ya kutiwa mwilini kwa wale wanaongoja kupewa moyo wa mtu mwingine. Mwaka 2001 ikatangazwa habari ya wagonjwa 129 waliokuwa hawafai kupewa moyo mwingine. Baada ya mwaka mmoja, katika waliotiwa pampu walikuwa hai 52 kwa kila mia, na katika waliopewa dawa tupu walikuwa hai 25 kwa kila mia. Tangu hapo vyombo vimeendelea kutengenezwa vizuri zaidi. Habari zilizotolewa mwaka 2022 juu ya pampu mpya ambayo gurudumu lake huelea kwa nguvu za sumaku pasipo kugusa kitu zaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya walioitiwa walikuwa hai baada ya miaka mitano.

Pampu za zamani ziliiga pigo la moyo: zikijaa, zikimimina. Hizi za sasa zazunguka maelfu ya mara kwa dakika bila ya kusita. Na hapa ndipo penye siri ya yule mgeni aliyetafuta mapigo asiyapate. Damu itokayo katika moyo wa kawaida ni mfano wa maji yamwagwayo kwa ndoo, moja baada ya moja, na mkono huhisi kila ndoo imwagwapo. Damu itokayo katika pampu ni mfano wa maji ya mfereji yaendayo moja kwa moja. Mkono hauhisi kitu, na maji yapo. Basi mzee huyu si maiti, na aliyesema vile alihukumu kwa asilolijua. Hata madaktari huhitaji chombo maalumu cha kusikiliza mwendo wa damu ili wajue kadiri ya nguvu yake kwa wagonjwa kama hawa.

AINUKAPO MWENYE PAMPU

Sasa twafika katika suala lenyewe. Pampu haisikii amri ya mishipa ya fahamu. Mwenyewe aketi au atembee, kasi yake ni ile ile iliyowekwa na madaktari. Mtu aweza kusema: ikiwa ni hivyo, akitembea atapata wapi damu ya ziada?

Tufikirie pampu ya kisima chetu cha msikitini, ipandishayo maji katika tangi la udhu. Mashine yenda kasi moja tu. Lakini wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini sana kisimani, hutoa maji machache, kwa kuwa kuna mwendo mrefu wa kuyapandisha. Mvua za masika zikinyesha na kisima kikajaa, mashine ile ile, kwa kasi ile ile, hutoa maji mengi zaidi. Haikuongezwa nguvu, bali imepunguziwa uzito.

Na pampu ya moyo ni hivyo hivyo. Mgonjwa atembeapo, miguu hukamua damu ikarudi kwa wingi, chumba cha kushoto kikajaa. Tofauti ya nguvu baina ya chumba kile na mshipa mkuu hupungua, na pampu hupitisha damu zaidi, kwa kadiri ya lita moja au mbili kwa dakika juu ya zile tano. Kisha moyo wenyewe, ijapokuwa ni dhaifu, haukufa. Nao hukazana, ukafungua mlango wake wa asili na kutoa sehemu yake kandokando ya pampu. Kwa hiyo jawabu la kwanza la kijana wetu ni hili: moyo wa baba yako haukuachwa peke yake. Mashine na nyama wafanya kazi pamoja, kila mmoja kwa kadiri yake.

Lakini haifai kumwambia mtu nusu ya habari. Pampu haimrudishii mtu ujana. Wenye pampu wakipimwa kwenye baiskeli ya hospitali, wengi wao hutumia hewa takriban nusu ya ile atumiayo mtu mzima wa afya mwenye umri wao. Sababu zake ni nyingi, nasi tutazitaja tatu.

Ya kwanza ni upande wa kulia wa moyo. Pampu imetiwa kushoto tu. Damu yote iifikiayo sharti kwanza isukumwe na moyo wa kulia kupita mapafuni. Kama huo wa kulia nao ni mchovu, pampu itazunguka lakini haitapata cha kusukuma. Mkono mmoja haulei mwana.

Ya pili ni mapigo. Kwa wagonjwa wengi moyo umesahau kupiga mbio, ama kwa maradhi yenyewe, ama kwa dawa wanywazo za kuutuliza.

Ya tatu, na ndiyo ihusuyo zaidi suala letu, ni miguu. Mtu aliyeugua moyo miaka mitatu au minne, misuli yake imenyauka kwa kukosa damu na kwa kukosa kazi. Pampu yaweza kuileta damu mpaka mlangoni pa msuli, lakini haiwezi kuufanya msuli uitumie. Hilo hufanywa na mwendo, wala hakuna betri iwezayo kulifanya.

Huenda mtu akauliza: mbona pampu isiongezwe kasi? Jibu ni kwamba kasi ikizidi kuliko damu iliyopo, pampu hukifyonza chumba kikawa kikavu, kuta zake zikavutwa kuelekea tundu la pampu, na upande wa kulia ukapotoka na kuzidi kuelemewa. Hata hivyo wataalamu wamejaribu. Huko Copenhagen, katika nchi ya Denmark, ilichapishwa mwaka 2014 habari ya wagonjwa walioongezewa kasi kidogo kidogo wakati wa kuendesha baiskeli. Walitumia hewa zaidi kuliko walipoachwa kwa kasi moja, lakini faida ilikuwa ndogo. Na kazi hiyo ni ya mafundi na madaktari. Si ya mwana wala ya jirani.

MFANO WA BWANA HOUGHTON

Yupo mtu mmoja ambaye habari zake zajulikana na wengi, nasi tumependa mzee huyu asimuliwe. Mwezi wa Juni mwaka 2000, katika hospitali ya John Radcliffe mjini Oxford, daktari Stephen Westaby alimtilia Bwana Peter Houghton pampu iliyobuniwa na Mmarekani Robert Jarvik. Ni pampu ya ukubwa wa kidole gumba, na plagi ya umeme wake ilitokea nyuma ya sikio. Hakutiwa ili angoje moyo wa mtu mwingine. Alitiwa abaki nayo, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupewa pampu hiyo kwa nia hiyo.

Kisanduku cha pampu ile kilikuwa na daraja tano za kasi, tangu mizunguko 8,000 kwa dakika mpaka 12,000, ili mwenyewe aweze kupandisha afanyapo kazi na kushusha apumzikapo. Basi mtu huyu, ambaye alikuwa amekaribia kufa, aliinuka. Alitembea safari ya maili 91 kwa ajili ya kuchangisha fedha za wahitaji. Alipanda milima ya Uswisi, akaandika vitabu, akasafiri nchi nyingi. Aliishi na pampu yake miaka saba na zaidi, mpaka alipofariki Novemba mwaka 2007. Hatusemi kila mwenye pampu atatembea maili 91. Twasema kuwa kiti si hukumu yake.

Na wala si mfano wa mtu mmoja tu. Huko Detroit, Marekani, mwaka 2014 zilichapishwa habari za wagonjwa 26 wenye pampu. Baadhi yao walifanyishwa mazoezi kwa wiki sita chini ya uangalizi, na wengine wakaachwa kama desturi. Waliofanya mazoezi walizidi nguvu za miguu, wakastahimili mwendo zaidi, na wao wenyewe wakasema kuwa maisha yao yamekuwa mepesi.

MAMBO YA KUCHUNGWA

Mwendo wa mwenye pampu una adabu zake, na anayezipuuza hujitia hatarini.

Kwanza, aanze kwa idhini ya madaktari wake, na ikiwezekana aanzie hospitalini mbele yao. Apashe mwili moto polepole, na amalizapo asisimame ghafla, bali apunguze mwendo kidogo kidogo.

Pili, kwa kuwa mapigo hayashikiki, apime kazi kwa nafsi yake. Mswidi Gunnar Borg alitunga kipimo cha namba tangu 6 mpaka 20, ambapo 6 ni utulivu na 20 ni mwisho wa nguvu. Wagonjwa hawa kwa kawaida huambiwa wakae baina ya 11 na 13. Na asiyependa namba, kipimo chake ni ulimi: akiweza kusema na mwenzake maneno kamili huku akienda, mwendo ni wa kadiri. Akikatikiwa na maneno, apunguze.

Tatu, asitoke nyumbani bila ya betri zilizojaa, betri za akiba, na kisanduku cha akiba, wala asitoke peke yake. Waya ufungwe vizuri mwilini usije ukanaswa na kitasa cha mlango. Kuogelea na kujizamisha majini ni marufuku kwake, na kadhalika michezo ya kugongana, kwani anywa dawa za kuzuia damu isigande, na pigo dogo laweza kumtoa damu nyingi.

Nne, asikaukiwe na maji mwilini, kwa kuwa kisima kikikauka pampu haina la kufanya. Kwa hiyo habari ya kufunga asiikate yeye peke yake. Amuulize daktari wake na mwanachuoni wake kwa pamoja.

Tano, chombo kikilia, au kichwa kikizunguka, au kifua kikiuma, aketi papo hapo na hospitali ipigiwe simu.

Na kwa ajili ya ibada, jambo ni jepesi kuliko wadhanivyo. Waya utokeao tumboni haumo katika viungo vya udhu, basi udhu wake ni kama wa mtu mwingine. Josho ndilo lenye sharti, maana kidonda kile hakitakiwi kurowa, na wanavyuoni wamekwisha kueleza masuala ya mwenye bendeji. Na aliyekatazwa kuinama baada ya kupasuliwa, sheria imempa nafasi ya kusali akiwa ameketi, mpaka atakapoambiwa yuko tayari.

JAWABU LETU

Sasa twarejea kwa kijana wetu. Mwanangu, hukutuuliza habari ya moyo tu. Umetuuliza habari ya mama pia, na hofu ya mama yako si ya kubezwa. Amekwisha kumwona mumewe akizama mara moja, hataki kumwona akizama tena. Usimwambie kuwa ni mjinga, wala usimtoe baba kwa siri wakati mama amelala. Mfuate kwa upole, umpeleke hospitalini pamoja na baba siku ya mazoezi. Aone kwa macho yake muuguzi akimwendesha. Aisikilize pampu ikivuma kifuani. Aeleweshwe namna ya kubadilisha betri, mpaka mikono yake iizoee. Hofu nyingi huondoka mtu anapopewa kazi ya kufanya.

Na baba umwambie asifanye haraka. Leo dakika tano, wiki ijayo dakika saba. Msikiti wa mwendo wa dakika kumi ni safari, aifikie kwa vituo.

Tulimpelekea kijana maneno haya kwa simu kabla ya kuyaandika humu, na majibu yamekwisha kuja. Karatasi ya mazoezi imetolewa mezani na kubandikwa ukutani. Mzee bado hajafika msikitini. Amefika kwenye sanduku la posta lililo pembeni mwa barabara yao, akaligusa, akageuka. Nyuma yake, hatua mbili, alikuwa mama, amebeba mkoba wenye betri za akiba, wala hakuukubali ubebwe na mtu mwingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amzidishie afya, na wote walio wagonjwa majumbani mwetu. Na wewe msomaji mwenye mzazi aliyetolewa hospitalini, kwa pampu au kwa maradhi mengine, itafute leo ile karatasi aliyopewa na daktari. Isome, kisha umuulize mzazi wako kama yuko tayari kuinuka, umpe mkono.